Mgeni Akitoka Kihambani, Anaondoka na Nini?

Barua za mwezi huu zimetoka miji miwili ya barabara moja, Moshi na Arusha. Walioandika ni wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, wanaopokea wageni, muongozaji, mfanyakazi wa ofisini, mwalimu na mwanafunzi wa chuo. Kila mmoja anauliza kwa namna yake kama saa chache kwenye shamba la kilimo hai zinambadilisha mtu kweli. Barua tumezifupisha, maswali tumeyaacha yalivyo.

Nina kihamba cha kahawa na migomba Uru. Wageni wanakuja, wanachuma, wanatwanga, wanaimba, wanakunywa kahawa, wanapiga picha. Wakiaga wanasema wamejifunza mengi kuhusu mazingira. Je, wakifika kwao wanabadilika, au wanamfurahisha mwenyeji tu? Nakaa nao saa nne, nizitumieje? – Mama Kihamba, Uru

Mama, hawakudanganyi. Siku ile wanakuwa wamekusudia kabisa, ila kusudio huchakaa haraka. Roy Ballantyne na Jan Packer, watafiti wa Australia walioandika sana kuhusu wageni wa maeneo ya asili na wanyamapori, wameeleza hali hiyohiyo: mgeni anatoka na nia kubwa, lakini miezi michache baadaye nia inapoa, isipokuwa akipata kitu cha kumkumbusha na kumwonyesha la kufanya. Chanzo chake tunakielewa vizuri tukimsoma Icek Ajzen, ambaye mwaka 1991 aliandika kwamba nia ya mtu kufanya jambo hujengwa na mambo matatu. La kwanza, analiona jema. La pili, anaona watu anaowajali wanalikubali. La tatu, anaamini analiweza. Kihamba chako kinajaza la kwanza mpaka linamwagika. Hayo mengine mawili ndiyo yanayobaki matupu. Mgeni anakuona una ng'ombe bandani, una migomba, una mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita nyuma ya nyumba, na yeye anakaa ghorofani. Anakusifu, kisha moyoni anajiambia: huyu anaweza, mimi siwezi.

Kwa hiyo punguza kumwonyesha, ongeza kumfanyisha. Hatuna ugomvi na wimbo wa kutwanga kahawa, unawafungua watu mioyo. Ila wimbo ukimeza saa nzima, kazi inakosa nafasi.

Kazi tunayoipenda kuliko zote ni rundo la mboji, kwa sababu lina kitu ambacho mkono hausahau. Andaa malighafi jana yake, zikiwa zimekatwakatwa, ili kikundi cha watu sita au wanane kimalize kwa dakika 40. Eneo liwe la mita moja na nusu kwa moja na nusu, chini ya kivuli. Anzeni na mabua au vijiti vya unene wa kidole, kimo cha sentimita 15 hadi 20, hewa ipite chini. Juu yake wekeni majani makavu ya migomba na nyasi kavu kimo kama hicho, halafu majani mabichi sentimita 10, samadi sentimita 5, mnyunyizo mwembamba wa majivu na udongo wa juu. Kila mkimaliza mzunguko mmoja mwagieni takriban ndoo moja ya lita 20, kisha mrudie kuanzia majani makavu, hadi rundo lifike kiunoni au zaidi kidogo. Rundo lililo chini ya mita moja kila upande halihifadhi joto, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanataka kuokoa jasho, wanaishia na chungu la takataka lisiloiva. Mwisho chomekeni kijiti kirefu, kimelala mshazari hadi katikati.

Sasa, pembeni uwe na rundo jingine lenye siku tano hadi saba, lililojengwa na wageni waliotangulia. Mwambie mgeni achomoe kijiti chake na akishike pale chini. Rundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi joto 55 hadi 65 katikati. Kijiti kinatoka na mvuke, kimelowa, na mtu anakiachia mwenyewe kwa mshtuko. Hapo usihutubie. Sema tu kwamba hakuna moto humo ndani, ni wadudu wasioonekana kwa macho wanakula. Kijiti kikitoka kikavu na baridi, mwonyeshe pia: rundo limekosa maji. Kikitoka na harufu kali ya mkojo, samadi na majani mabichi vimezidi. Geuzeni na kuongeza makavu. Likinuka uvundo, maji yamezidi au maganda ya kahawa yamewekwa mabichi kwa tabaka nene yakagandamana. Hayo yatandaze juani siku moja au mbili kwanza. Rundo linageuzwa baada ya wiki mbili au tatu, linageuzwa tena baada ya muda kama huo, na kwa kawaida linaiva kati ya wiki 8 na 12. Mgeni akiona kosa na dawa yake, lile la tatu la Ajzen, kujiona anaweza, linaanza kuingia.

Kazi ya pili ni ndogo, lakini inakaa kichwani. Msimu ukiwepo, yaani kuanzia Julai hivi hadi Desemba kutegemea mwinuko, mpe kila mgeni kikombe na umwambie achume kahawa ya kikombe chake kimoja tu, nyekundu tupu. Kikombe kimoja hutaka gramu 10 hivi za kahawa iliyokaangwa, yaani punje 70 hivi. Kila tunda lina punje mbili, basi ni matunda 35. Atayahesabu. Atagundua kwamba yaliyo mabivu hayakai pamoja, mengine yamejificha nyuma ya tawi, mengine bado mabichi. Kisha mwambie kwamba kilo moja ya kahawa safi hutoka kwenye kilo sita hivi za matunda. Mtu aliyechuma 35 kwa mkono wake haachi tena nusu kikombe mezani kirahisi.

Halafu lije jambo ambalo wenyeji wengi huliruka. Baada ya mtori na kahawa, kabla ya malipo na kabla dereva hajaanza kupiga honi, toa kadi na kalamu. Kila mgeni aandike jambo moja kwa mfumo wa "ikiwa… basi…": "Ikiwa nimemaliza kumenya viazi, basi maganda nayatia kwenye ndoo ya kijani chini ya sinki." Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 jinsi mpango wa namna hii, unaotaja mahali na wakati, unavyomsaidia mtu kutenda kuliko nia ya jumla ya "nitatunza mazingira". Jambo liwe moja. Na lilingane na anakoishi: mgeni wa ghorofani usimwambie achimbe shimo. Huyo mfundishe ndoo ya lita 20 yenye matundu 20 hivi chini na ubavuni, sahani chini yake, na kanuni ya konzi mbili au tatu za majani makavu au karatasi iliyochanwa kwa kila konzi moja ya maganda. Nyama, mafuta na mifupa visiingie. Inzi wadogo wakijaa, makavu hayatoshi juu.

Mwisho omba ruhusa ya namba ya simu na umtumie ujumbe mara mbili tu. Kila rundo liwe na kibao chenye tarehe na majina ya kwanza ya waliolijenga. Siku ya kuligeuza, piga picha ya kibao na mvuke, uwatumie na swali moja: "Ndoo yako imefikia wapi?" Baada ya miezi mitatu, tuma picha ya mboji iliyoiva ikiwa kwenye shina la mgomba. Zaidi ya hapo utaonekana unauza kitu.

Mimi ni muongozaji wa wageni Moshi mjini. Mgeni mmoja aliona ukungu wa bluu kwenye majani ya mibuni akauliza, "Hii ndiyo kilimo hai?" Nikakosa jibu. Tena jirani wa shamba lile anapuliza dawa. Niseme nini? – Muongozaji, Moshi

Ndugu yetu, sema kweli, maana hapa ndipo ziara nzima inaposimama au kuanguka. Mgeni akihisi amedanganywa kwenye jani moja, hata kile kijiti cha moto hakiamini tena.

Ule ubluu huenda ukawa dawa ya shaba, ambayo watu huita kopa. Hutumika dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili makubwa ya mibuni Kilimanjaro. Kwa wengi inashangaza, lakini viwango vya kilimo hai huruhusu shaba kwa masharti. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka saba, wastani wa kilo nne kwa mwaka. Sababu ya kikomo ni kwamba shaba haiozi. Hubaki udongoni, hujikusanya, na ikizidi huumiza minyoo na viumbe vingine vya ardhi. Mkulima makini hutumia njia nyingine kwanza: kupogoa ili hewa ipite, kupunguza kivuli kilichozidi, kuokota matunda yaliyougua, na kupanda miche ya aina zinazostahimili, ambazo TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, imekuwa ikizitoa. Mweleze mgeni hivyohivyo. Wageni wengi huheshimu jibu lenye ugumu ndani yake.

Kuhusu jirani, kagua mwenyewe kabla hujapeleka watu. Mpakani kuna ua mnene, wa masale au miti? Upepo wa mchana unatoka upande gani? Mavuno ya mistari ya mpakani yanatengwa? Na swali ambalo wengi hawaliulizi: bomba la kupulizia la mgongoni ni la nani? Bomba la kuazima kwa jirani, hata likisuuzwa, linaingiza dawa za viwandani kwenye shamba safi. Angalia pia mbegu za mahindi na maharage zenye rangi ya waridi au kijani. Hizo zimepakwa dawa.

Maneno nayo yachunguze. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kipo tangu mwaka 2007 na alama yake ni Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kupitia vikundi vinavyokaguana wenyewe kwa wenyewe, njia iliyo nafuu kuliko mkaguzi wa nje. Kama shamba halijathibitishwa, usitamke kwamba limethibitishwa. Sema, "Hapa hatutumii mbolea wala dawa za viwandani, tangu mwaka fulani." Kama shaba hupulizwa, itaje pia. Inatosha, na inalindika mgeni akiuliza zaidi.

Wageni wanakuja na katoni za maji ya chupa. Wakiondoka mimi ndiye nabaki na chupa. Nawaambiaje bila kuwaudhi? – Mwenyeji, Marangu

Waambie kabla hawajaja, kwenye ujumbe wa kuthibitisha safari: waje na chupa zao, maji yaliyochemshwa na kuchujwa yapo. Shambani weka mtungi wenye bomba mahali pa wazi, na kibao. Utafiti wa Goldstein, Cialdini na Griskevicius wa mwaka 2008 kuhusu taulo za hotelini unakusaidia hapa: kadi iliyosema wageni wengi hutumia taulo zao tena ilipata asilimia 44, na ile iliyowaomba kutunza mazingira tu ilipata 35. Basi andika "Wageni wetu wengi hujaza chupa zao hapa", lakini uiandike pale itakapokuwa kweli. Chupa zilizobaki zirudi na gari lililozileta. Kubaliana na kampuni ya ziara siku ya kwanza. Usizipange shambani kama mapambo. Yule anayefuata ataona chupa nyingi na kujua hapa watu huziacha.

Nafanya kazi ofisini Arusha, nimechoka mwili na akili. Rafiki zangu wanasema siku moja shambani kwenye miteremko ya Meru inatibu. Ni kweli au ni matangazo? – Aliyechoka, Sakina

Dada, pole. Inapumzisha, na kuna sababu za kuamini hivyo. Kutibu ni neno kubwa mno.

Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 wa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka mapema kidogo, wastani wa siku 7.96 dhidi ya 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Rachel na Stephen Kaplan, mwaka 1989, walieleza kwamba akili iliyochoshwa na kukazana hupumzika mahali panapoivuta bila kuilazimisha: maji kwenye mfongo, majani ya mgomba yanayochezwa na upepo, ng'ombe anayecheua. Na uchunguzi wa mwaka 2019 uliowahusu watu karibu 20,000 Uingereza ulikuta kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walielekea zaidi kusema wana afya na ustawi mzuri. Zingatia, ule ulipima uhusiano tu. Huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini ulikuta pia kwamba haikujali kama dakika 120 ni za siku moja au zimegawanywa. Hilo ni muhimu kwako: siku moja kubwa kwa mwaka haifui dafu mbele ya saa moja mara mbili kila wiki. Msitu wa Ziwa Duluti, Tengeru, hauko mbali nawe.

Ukienda shambani, chagua lenye kazi ya mikono na kikundi kidogo. Simu iache kwenye gari, maana picha zinarudisha akili palepale ilipotoka. Usipange mashamba mawili kwa siku. Na omba kazi yenye mwanzo na mwisho unaouona: kupalilia tuta moja, kumenya ndoo moja ya kahawa, kupanga tabaka tatu za mboji. Kazi isiyoisha ndiyo iliyokuchosha ofisini, usiifuate huko.

Ila tujibu kwa uangalifu. Kuna fomu fupi ya Shirika la Afya Duniani, WHO-5. Fikiria wiki mbili zilizopita: umekuwa mchangamfu na mwenye moyo mzuri? Umekuwa mtulivu? Umekuwa na nguvu? Umeamka ukijisikia umepumzika? Siku zako zimekuwa na mambo yanayokuvutia? Kila swali jipe alama 0 (hakuna wakati wowote) hadi 5 (wakati wote), ujumlishe. Ukipata chini ya 13 kati ya 25, nenda kituo cha afya ukazungumze na mtaalamu. Safari ya shamba iwe nyongeza.

Nina wanafunzi 40 wa darasa la sita. Mwaka jana tuliwapeleka shambani, wakakimbia huku na huku, wakala ndizi, tukarudi. Mwaka huu nataka wajifunze kitu. – Mwalimu, Ngaramtoni

Mwalimu, wagawe vikundi vitano vya wanane, vituo vitano, dakika 25 kila kimoja, kengele ikilia wanahama. Watu wazima watano wapokezane usimamizi, na mwenye shamba abaki huru kutembea.

Kituo kimoja kiwe cha minyoo. Chimbeni shimo la sentimita 20 kila upande na kina hichohicho, udongo umwagwe kwenye gunia, wahesabu minyoo kwa dakika tano. Kisha shimo la pili kwenye ardhi iliyo wazi, kando ya njia. Waandike namba mbili tu. Kituo kingine kiwe cha bonge la udongo: chukua bonge kavu la ukubwa wa yai kutoka chini ya migomba na jingine kutoka shamba linalolimwa na kuachwa wazi, uyashushe taratibu kwenye vyombo viwili vya kioo vyenye maji. Lenye mboji hukaa, hutoa mapovu kidogo. Lingine hubomoka mbele ya macho yao na maji yanageuka tope. Mtoto akishaliona hilo, mmomonyoko hauhitaji tena ubao. Mabonge yakaushwe siku mbili kabla. Yakiwa mabichi yote mawili yatakaa na somo litakufa.

Vituo vitatu vilivyobaki unavijua: mboji, kuchora tabaka za kihamba kutoka mringaringa na mruka juu, mgomba, mbuni, hadi magimbi na maharage chini, na kuonja matunda. Waeleze kwamba kihamba cha Shimbwe Juu, jirani zetu wa Kilimanjaro, kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Watoto wanapenda kujua kwamba kitu cha bibi zao kinaheshimiwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, hasa waliogusa samadi.

Ndani ya siku saba baada ya kurudi, anzeni rundo shuleni, hata dogo la mita moja. Mkichelewa mwezi, itabidi muanze upya. Kila mtoto afanye kazi moja nyumbani na mzazi asaini. Watoto ndio wageni pekee wanaorudi na kuwalazimisha watu wazima wa nyumba nzima.

Shikamooni. Nasoma utalii Moshi. Nataka kupima kama wageni wa shamba la kilimo hai wanabadilisha tabia na kama ustawi wao unaongezeka. Msimamizi wangu amenikosoa dodoso, hajaniambia kwa nini. – Mwanafunzi, Moshi

Marahaba. Bila kuliona, tunakisia makosa manne, maana ndiyo yanayojirudia.

Huenda umeuliza "Je, unajali mazingira?" na wote wakajibu ndiyo. Uliza tendo, na muda: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulitupa maganda ya chakula pamoja na takataka nyingine?" Jibu ni namba kati ya 0 na 7.

Huenda umewapa fomu wakiwa bado wameketi na mwenyeji, sahani ya machalari mbele yao. Hakuna mgeni mwenye adabu atakayemkwaza mama aliyempikia. Fomu ijazwe wakiwa garini au hotelini, mwenyeji asiwepo.

Huenda umewapima mara moja, mwishoni. Hao waliochagua shamba la kilimo hai badala ya baa walikuwa na mwelekeo huo tangu kwao. Ukiwakuta wanajali, hujui nani aliwafanya wajali. Pima kabla, pima wakiondoka, pima baada ya miezi mitatu. Kila mtu awe na msimbo wa siri, kama tarakimu mbili za mwisho za simu yake na mwezi wa kuzaliwa, ili uoanishe fomu zake bila jina. Ukiweza, pata kikundi cha kulinganisha: wafanyakazi wa ofisi moja, nusu waende mwezi huu, nusu mwezi wa nne kuanzia sasa, na wote wajaze fomu zilezile. Na ujiandae kwa watakaopotea. Wakijibu wanne kati ya kila kumi baada ya miezi mitatu, na unataka fomu 60 kamili, lazima uanze na watu 150. Waliopotea wataje kwenye ripoti. Kuna uwezekano mkubwa ni wale wasiofanya kitu.

La nne ni WHO-5, kama umeitumia kupima ustawi. Tumemweleza dada wa Sakina hapo juu jinsi inavyohesabiwa. Ukizidisha jumla kwa 4 unapata alama hadi 100, na mabadiliko ya 10 ndiyo huchukuliwa kuwa ya maana. Lakini maswali yake yanahusu wiki mbili zilizopita. Ukimpa mgeni baada ya ziara ya saa nne, umepima wiki zake mbili za nyuma, sio shamba. Itumie kabla ya ziara na baada ya miezi mitatu. Kwa hisia za siku ileile uliza swali moja: "Sasa hivi unajisikiaje, 0 hadi 10?" kabla na baada.

Jambo moja la kuongeza kwenye mjadala wako. Mtu anayetoka Ulaya kwa ndege na kurudi anasababisha zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Ndoo ya maganda haifuti hilo. Baadhi ya watu wakishafanya jema dogo hujiona wamelipa deni na kujiruhusu jingine baya. Nina Mazar na Chen-Bo Zhong waliandika kuhusu tabia hiyo mwaka 2010, kwa watu walionunua bidhaa zinazotunza mazingira. Weka swali linaloigusa. Wageni wa Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi wanaokuja kwa basi wana picha tofauti kabisa, na wanastahili kupimwa peke yao.

Wageni wanafurahi, mimi ndiye ninayechoka. Mume wangu anasema biashara imekuwa nzuri. – Mwenyeji, Machame

Mama, swali lako limetugusa, kwa sababu mjadala wa ustawi husahau anayepika.

Chukua daftari na kwa wiki mbili andika saa zako zote za kila ziara: kwenda sokoni, kumenya ndizi, kuteka maji, kuni, kupika, kuosha, kufagia, kupanga vitanda kama wanalala. Ziara ya saa nne mara nyingi inamla mama saa nane au tisa. Mkae na baba mezani, daftari likiwa wazi, mgawe mapato kwa saa za kila mmoja. Hapo mtaona kama bei inatosha au kama kuna mtu anafanya kazi bure.

Kisha punguza vyakula. Mtori, machalari na ndizi mbivu vinatosha. Mgeni hakuja kula aina saba. Vikundi visizidi wanane, na viwili visikutane siku moja. Waite wageni jikoni mapema, wamenye nao. Ndizi za kikundi cha watu wanane wakimenya wenyewe kwa dakika 20 umeokoa saa yako nzima, nao wanapata ile kazi ya mikono tuliyoisifia huko juu. Paka mafuta mikononi mwao kwanza, ili utomvu wa ndizi usiwagande.

Na chagua siku mbili za wiki zisizopokea mgeni. Waambie waongozaji sasa, uziandike kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani kabla ya Julai, maana msimu wa kahawa ukishaanza hakuna atakayekubali kuzisikia.